Jinsi ya kumrithisha mwanao yale magemu yaliyokukuza

Likizo ya mwezi wa sita mwaka jana nilimwekea mwanangu gemu la Mario kwenye simu. Ana miaka 9, umri uleule niliokuwa nao mimi nilipoanza kulicheza, na hiyo siku nilikuwa nimeisubiri sana, yani nilimkalisha kabisa kwenye kochi nikamwambia hili ndo gemu lililomlea mama yako. Akalimaliza kwa siku mbili. Kila akikaribia shimo anasevu, akidumbukia anarudi palepale, anajaribu tena na tena mpaka anavuka, alafu anasevu tena. Siku ya tatu namkuta anaangalia katuni, namuuliza Mario vipi, ananijibu "nishalimaliza mama" na macho hata hayajatoka kwenye katuni.

Iliniuma sana. Mi nililimaliza Mario nikiwa darasa la sita, baada ya miaka karibu mitatu ya kufa, na siku ile sebule ilijaa watu, hadi mtoto wa jirani ambaye tulikuwa tumenuniana naye wiki nzima aliingia akakaa chini kuangalia na ugomvi ukaishia hapohapo. Sasa nikawa najiuliza mbona gemu ni lilelile, lina dunia 8 zenye hatua 4 kila moja, jumla 32, halijabadilika hata tofali moja tangu Nintendo walitoe mwaka 1985, kwanini kwangu limekaa mpaka leo na kwake limepita kama maji ya mvua?

Jibu nililipata baadae na ndo sababu ya kuandika huu mwongozo. Nilimpa gemu, sikumpa chumba. Kile chumba chetu kule Makorora, Tanga, kilikuwa na pedi mbili na watoto watano, kulikuwa hakuna kusevu, kulikuwa na zamu, na kulikuwa na baba ambaye akirudi kutoka kazini tivi inakuwa yake. Hivyo vitu ndo vilitufundisha. Kwaiyo kama na wewe una gemu lililokujenga na unataka mwanao au mdogo wako alipate kweli, inabidi ujenge na chumba chake, na hapa nakueleza nilivyofanya mi mara ya pili, ambapo ilikubali.

Anza na orodha, mashine baadae

Chukua karatasi uandike magemu yote unayoyakumbuka kuanzia utotoni, usichague, andika tu. Alafu pembeni ya kila moja andika kimebaki nini kwako leo, yani tabia, kazi, urafiki, kitu unachoweza kukionyesha kwa kidole. Gemu ambalo pembeni yake unaweza kuandika "lilikuwa tamu" tu, kata. Magemu matamu yako mengi na mtoto ana ya kwake tayari, hahitaji yako.

Yangu yalianza 21 yakabaki matatu. La kwanza ni la vifaru, lile ambalo jina lake la kwenye kaseti ni Battle City, la kampuni ya Namco la mwaka 1985, nitalirudia mwishoni maana hilo ndo lililonipa mkate ninaokula. La pili ni Contra, lile la wanajeshi wawili na bunduki, hilo nimelicheza na kaka yangu na mpaka leo tukipishana maneno tunatumia lugha ya Contra kuelewana. La tatu ndo Mario. Nilimpigia na kaka nikamuuliza yeye angebakisha lipi akasema bila kufikiria, Road Fighter, lile la magari ambalo mafuta yanapungua muda wote na usipokikamata kile kigari cha rangirangi kinachopita unaishiwa njiani. Kaka leo anaendesha gari kubwa la mizigo njia ya Tunduma. Anasema kila akiangalia mshale wa mafuta anakumbuka ile sauti, na ile adabu ya kutogonga magari ya wenzako maana kila ukigonga mafuta yanaondoka nayo aliipata palepale sebuleni.

Wewe wa kizazi cha vibanda vya PlayStation orodha yako itakuwa nyingine, Tekken 3, Winning Eleven, na sina ubishi, chumba chako kilikuwa kibanda na mwalimu wako alikuwa yule aliyekufunga mfululizo mpaka hela ya mama ya mkate ikaisha. Hata memori kadi ya PlayStation ya kwanza ilikuwa na nafasi 15 tu, mkiwa wengi mnaamua nani afutiwe, hiyo nayo ni shule. Ila kuwa mkweli kwenye kukata. GTA San Andreas la mwaka 2004 najua lina watu wengi limewaachia kumbukumbu nzito lakini ni gemu la watu wazima, limeandikwa hivyo kwenye boksi, na sisi kulicheza tukiwa wadogo sio sababu ya kumpa mtoto wa miaka 9.

Usivuke matatu. Tena anza na moja.

Kitu kimoja pembeni hapa maana siwezi kukiruka. Kwenye orodha ya marehemu babu yangu, kama angeandika, kungekuwa na gemu moja tu la simu, Bantumi, lile la kwenye Nokia 3310 ya mwaka 2000, lililokuwa pamoja na nyoka na Space Impact. Babu alikuwa mchezaji wa bao la kete, bao lenyewe la mashimo 32 na kete 64, na alipoishika ile simu ya mjomba akaona mashimo sita sita na ghala pembeni alinyamaza muda mrefu alafu akasema "huyu ni mtoto wa bao". Akawa anacheza kila jioni. Mi nilijifunza kuhesabu kete mbele kabla ya kuzigusa kwa kukaa pembeni yake akiwa ameshika simu, sio kwenye bao lenyewe ambalo wazee walikuwa hawaturuhusu kusogea. Kama mzee wako yupo na anacheza bao, hilo nalo liweke kwenye orodha, tena hapo mwanao anaweza kufundishwa na mkono uliocheza.

Mashine

Njia rahisi ni simu. Programu kama RetroArch ni ya bure na inaigiza mashine za zamani vizuri, ya PSP, ile PlayStation ya mkononi, inaitwa PPSSPP na ni nzuri sana. Programu zenyewe hazina shida, ila mafaili ya magemu yana wenyewe, hilo ujue kabla hujaanza kushusha hovyo, na ukitaka kukaa upande salama kabisa Nintendo wenyewe wanayo magemu yao ya zamani kwa wanaolipia huduma ya mashine yao ya Switch. Lakini mi nakwambia kutokana na yaliyonikuta, simu iache. Simu ni ya mtu mmoja. Mtoto anainama, mabega yanafunika skrini, wewe huoni kitu na yeye hakuoni. Gemu lililokukuza lilikuwa kwenye tivi ambayo kila aliyepita aliiona na akasema neno.

Kwaiyo tafuta mashine. Nyumbani kwenu ulizia kwanza kabla hujanunua, maana hizi zipo kwenye maboksi juu ya makabati zimefunikwa na mapazia ya zamani. Yetu ilikuwa kwa shangazi. Baba aliinunua Kariakoo mwaka 1998 na wala haikuwa Nintendo halisi, ile halisi, Famicom, ilitoka Japani mwaka 1983 na sisi huku wengi wetu tulikulia kwenye nakala zake zilizotengenezwa Asia, na kaseti ya njano imeandikwa ina magemu laki tisa na kitu wakati ukihesabu hayazidi hata 30, mengine ni hilohilo linarudiwa limebadilishwa jina. Sijali. Mi naipenda ile mashine na ile kaseti kwa moyo wote, na nikiona watu wanaita feki najisikia vibaya, maana bila hiyo feki watoto wa Makorora tusingeonja kitu.

Ukiipata usiichomeke kwanza. Sehemu ya kwanza inayoua hizi mashine ni adapta. Geuza mashine chini usome, imeandikwa volti ngapi, nyingi nilizoshika mimi ni volti 9, na kuna kamchoro ka kiduara kenye plasi na mainasi kanachokuonyesha plasi iko ndani ya kitundu au nje. Adapta yako lazima ifanane na hako kamchoro. Ya kamera au ya rauta inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye kitundu na ikawa imegeuzwa, na hapo unachoma kile kipande cha ndani kinachoshusha umeme mpaka volti 5. Kama mchoro umefutika mpelekee fundi wa redio aifungue aangalie njia na apime adapta kwa mita, hela utakayomlipa ni ndogo kuliko majuto.

Alafu kaseti. Najua unataka kupuliza. Sote tulipuliza, na ilikuwa inakubali, ila kilichokuwa kinasaidia ni kule kuichomoa na kuirudisha, pumzi yetu ilikuwa inaacha unyevu na ule unyevu ndo unaokula zile shaba. Zipo 60 kwenye kaseti za hii aina, zitazame kwenye mwanga, kama zimekuwa nyeusi au za kijani chukua kifutio cheupe cha penseli usugue taratibu, kisha pamba ya masikio yenye alkoholi ya isopropili, mafundi simu wengi wanayo, muombe akuwekee kidogo kwenye kichupa. Usikubali akupe thina, inayeyusha plastiki. Acha ikauke dakika kumi ndo uchomeke.

Pedi zikiwa zinabonyezwa kwa nguvu mpaka kidole kinauma, zifungue kwa bisibisi ndogo, ndani kuna raba zenye vidoti vyeusi, futa vile vidoti na ile bodi kwa alkoholi hiyohiyo. Mara nyingi inatosha. Na pedi lazima ziwe mbili zinazofanya kazi, hili sina mjadala nalo, ukiwa na moja subiri mpaka upate ya pili, ndo uanze.

Kuhusu tivi, ukipata ya chogo ni bora kuliko zote na siku hizi watu wanazigawa bure. Watu wanadhani chogo zilikufa pale mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar usiku wa kuamkia 2013, hapana, kilichozimwa ni matangazo, mashine ya gemu inatengeneza mawimbi yake yenyewe kwaiyo huhitaji king'amuzi, unachomeka waya wa antena unatafuta chaneli mpaka picha itokee, au kama ina matundu ya AV unaweka njano kwenye njano ya picha na nyeupe kwenye sauti. Picha ikija nyeusi na nyeupe nenda kwenye menyu ya rangi ujaribu PAL, NTSC na Auto, moja itakubali. Ila tafadhali tivi ya chogo usiifungue kwa nyuma, inabaki na umeme mkali sana ndani hata ikiwa imechomolewa, hiyo ni kazi ya fundi tu.

Kwenye flati utahitaji kile kiboksi cha kugeuza AV kuwa HDMI, alafu kwenye menyu ya tivi washa ile hali ya gemu, ukiacha utaona unabonyeza sasa hivi Mario anaruka baadae, na mtoto atadhani yeye ndo hajui. Na kama gemu lako la moyoni ni lile la bata la bunduki, Duck Hunt la mwaka 1984, kwenye flati halitokubali hata ufanyeje. Ile bunduki hairushi kitu, inapokea mwanga. Ukivuta kifyatulio skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua na pale alipo bata panakuwa peupe, bunduki ikiuona ule weupe kwa wakati wake unahesabiwa umepata, na flati inachelewesha picha kwaiyo haviendani. Chogo tu.

Vile vijiti vya HDMI vyenye maelfu ya magemu na pedi mbili zisizo na waya? Kama mashine ya zamani imeshindikana kabisa, sawa, angalau pedi ni mbili na picha iko kwenye tivi. Ila vina sehemu ya kusevu popote, na hiyo inabidi muwekeane ahadi.

Sheria za chumba

Hapa ndo pa muhimu kuliko waya wote huo.

Kusevu hakuna. Ukiwa na maisha matatu ni matatu, yakiisha mnaanza mwanzo. Mwanangu alilia siku ya kwanza, alilia kweli, alikuwa amefika dunia ya 3 akafa akaona skrini nyeusi na akagundua hakuna mahali pa kurudi. Nilitamani kumwonea huruma nikajizuia, nikamkumbatia tu nikamwambia mama pia alilia hapohapo. Baada ya wiki mbili nikaanza kumwona anafanya kitu ambacho kwenye simu hakuwahi kukifanya, anasimama kabla ya shimo. Anasimama, anaangalia yule kasa anavyokwenda na kurudi, anahesabu, ndo anaruka. Kwenye simu alikuwa hana sababu ya kusimama. (Kuna siri moja, ukifa maisha yote ukashikilia A alafu ukabonyeza Start unaanzia mwanzo wa dunia uliyofia, hiyo nimemficha na nitampa siku ya kuzaliwa kwake, maana siri inayopewa kama zawadi haisahauliki.)

Zamu ni ya kufa. Ukifa unatoa pedi, huongezi neno. Kwaiyo mtoto asicheze peke yake, alika binamu, alika watoto wa jirani, wakiwa wanne kwa pedi mbili ni vizuri zaidi kuliko wawili kwa pedi mbili. Mi nikiwa binti pekee kati ya watoto watano nilikuwa nasubiri kuliko wote, kaka zangu na rafiki zao walikuwa wanajisahaulisha zamu yangu, na kwenye kule kusubiri ndo nilijifunza kuangalia. Nilijua kila kifaru kinatokea wapi kabla sijashika pedi, na siku nilipoanza kupewa haki yangu nilikuwa nacheza muda mrefu kuliko wao. Ila kusema ukweli ile haikuwa haki na sitaki irudiwe. Kama kwenye kundi lako kuna mtoto wa kike au mdogo kuliko wote, wewe mzazi ndo uisimamie zamu yake, kwa sauti.

Muda una mwisho na mwisho hauombwi. Kwetu ilikuwa baba akivua viatu mlangoni. Nyumbani kwangu ni adhana ya magharibi, ikisikika tunazima hata kama uko dunia ya 8. Umeme nao ukikatika umekatika, hakuna wa kulaumiwa.

Na cha mwisho, wewe ucheze. Sio kusimama mlangoni na chai unatabasamu, kaa chini, kwenye mkeka, ushike pedi ya pili. Kwa hili tumia Contra. Kuna ile hatua ya tatu ya maporomoko ya maji ambapo mnaruka kwenda juu, na skrini inamfuata aliye juu, kwaiyo mmoja akiwa na haraka yule wa chini anaachwa anakufa bila kuguswa na adui. Kaka aliniua pale mara nyingi mpaka siku moja akajifunza kusimama na kusema "njoo". Mpaka leo tukiwa na jambo la familia, iwe msiba au mambo ya kiwanja cha baba, nikiona anakimbiza sana namwandikia neno moja tu, maporomoko, na anaelewa. Nilipocheza na mwanangu mara ya kwanza alinikimbia, nikafa, hakuelewa kwanini. Sikumwambia. Mara ya nne hivi akageuka akaniangalia akasema "mama we ruka kwanza".

Ile namba ya siri ya maisha 30 mpe, hiyo ni mali ya dunia, juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A alafu Start. Aliitengeneza Kazuhisa Hashimoto wa Konami, kampuni ya Contra, alipokuwa anaandaa gemu la Gradius la mwaka 1986 kwasababu lilimshinda kulijaribu, mwanangu alipenda sana kusikia kwamba hata aliyelitengeneza lilimshinda. Ila usimwandikie kwenye meseji. Mi niliipata kwa mtoto wa mtaa wa pili aliyeiandika kwa kalamu kwenye kiganja, nikaenda nayo nyumbani nimekunja ngumi isifutike na jasho. Mwanangu nilimwandikia kiganjani vilevile.

Funga mdomo

Hili ni gumu kwa sisi tunaojua. Mtoto anaelekea kwenye shimo na wewe unajua, mdomo unawasha. Nyamaza. Shigeru Miyamoto wa Nintendo na wenzake waliitengeneza ile hatua ya kwanza ya Mario ili ifundishe yenyewe bila neno, angalia utaona, yule uyoga mwovu wa kwanza anakuja umesimama huna cha kufanya ila kuruka, na karibu na mwisho kuna ngazi mbili ambazo katikati yake ni ardhi ukianguka huumii, alafu mbele kidogo ngazi mbili kama zilezile ila katikati ni shimo la kweli. Unajifunzia pasipoumiza kwanza. Ukisema "ruka!" umemnyang'anya mtoto kitu alichowekewa na watu waliokaa wakakifikiria.

Unaruhusiwa kushangilia. Na unaruhusiwa kuhadithia ya kwako, ila baada ya kuzima.

Sasa vifaru

Mimi nachora ramani za nyumba. Sijasomea chuo kikubwa, nilianza kwa fundi mwashi nikiwa msaidizi, na siku ya kwanza aliponipa karatasi nichore vyumba viwili na choo nilijua pa kuanzia, kwasababu nilikuwa nachora tangu nina miaka 10. Kwenye gemu la vifaru, pale mwanzo chini ya kuchagua mchezaji mmoja au wawili, kuna neno la tatu, Construction. Watoto wengi hawakulibonyeza kwasababu ya lugha. Mi nilibonyeza siku moja watu wote wametoka kwenda kuangalia mpira na nikabaki peke yangu, ikatokea skrini nyeusi tupu na kifaru kinachowakawaka, ukisogea unabonyeza A yanatokea matofali, ukibonyeza tena yanabadilika nusu, chuma, maji, miti. Uwanja una vyumba 13 kwa 13. Ukimaliza unabonyeza Start, unachagua wachezaji, na mnacheza ndani ya kitu ulichokijenga wewe.

Kaka zangu walirudi wakakuta ramani yangu. Tangu siku ile zamu yangu haikusahauliwa, maana mimi ndo nilikuwa fundi.

Lakini ukizima mashine ramani inapotea, haisevu, kwaiyo ikabidi nizihamishie kwenye daftari la hesabu lile la viboksi. Na hii ndo sehemu ya mwisho ya mwongozo na naomba usiiruke. Mnunulie mtoto daftari la viboksi. Mwambie achore mraba wa 13 kwa 13, pale chini katikati aweke tai, yule ndege mnayemlinda, maana tai akipigwa mchezo umeisha hata kama mna maisha kumi. Juu aweke alama tatu, kushoto, katikati na kulia, ndo maadui 20 wanapotokea. Alafu T ni tofali, C chuma, M maji, N miti ya kujificha. Achore kwanza kwenye daftari, ndo aende kwenye tivi kujenga, ndo wacheze wawili. Wakimaliza arudi kwenye daftari aandike chini ya ramani nini kilishindikana.

Ramani ya kwanza karibu watoto wote wanazungushia tai chuma pande zote, na mchezo unakuwa hauna kazi, dakika tano wamechoka wenyewe. Usiwakataze. Ya pili wanaacha mlango. Ya tatu wanaanza kufikiria mwenzao atapita wapi, kwasababu kwenye vifaru ukimpiga mwenzako kwa bahati mbaya anaganda pale alipo na adui anapita, kwaiyo ramani nyembamba inawagombanisha, inabidi mchoraji awaachie njia ya watu wawili.

Mwanangu amefika ramani ya 14. Juzi ameniletea daftari akaniuliza kama mlango wa viboksi viwili unatosha vifaru viwili kupishana, nikamwambia chukua penseli, kaa hapa karibu na meza yangu, tupime.